Chiriku Arudi Mezani

Fundi cherehani alikuwa na binti aliyeitwa Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukupumzika. Akitoka shule alipitia kwa baba yake kushona vifungo, huku akisimulia vituko vya darasa zima. Wateja walicheka mpaka wakasahau walichofuata.

Kisha Chiriku akanyamaza. Chakula cha mchana aliwamwagia kuku kwa siri. Jioni alisema ameshiba. Alivaa sweta hata jua likiwaka. Siku moja, akipiga pasi, alianguka chini.

"Unaringia chakula!" baba alifoka. "Kula, la sivyo tutagombana!"

Chiriku akaangua kilio. "Nikila, baba, naona kama nimefanya kosa. Najiona mnene. Siwezi!"

Jirani yao, muuguzi, alisikia kelele akaja mbio. Alimlaza Chiriku, akampima mapigo ya moyo. Kisha akamvuta baba pembeni.

"Fundi, mtoto haringi. Nadhani ana ugonjwa wa ulaji. Unashika akili na kuumiza mwili wote. Usipotibiwa, unaweza kuua."

"Mbona mimi niliona ni ukaidi tu? Nimemkosea nini?"

"Si kosa lako, wala lake. Ugonjwa huu huwapata wasichana na wavulana, wembamba na wanene. Lakini kumfokea hakusaidii. Twende hospitali sasa hivi."

Daktari alipima damu na moyo, akamlaza Chiriku wodini. "Mwili uliokaa na njaa muda mrefu hulishwa taratibu, tukiuangalia," alieleza. Mshauri naye alizungumza na binti, kisha na baba. Akamfundisha baba kukaa na binti yake mezani, bila vitisho na bila maneno ya unene au wembamba.

Basi Chiriku aliporuhusiwa kurudi nyumbani, fundi, ambaye hata homa haikuwahi kumfungisha duka, akawa anafunga kila saa ya kula. Alikula na binti yake, akizungumza habari za mpira, ambao hakuujua hata kidogo.

"Baba, huyo ni kipa! Kazi yake si kufunga mabao!"

"Kumbe! Ndiyo maana hafungi!"

Chiriku alicheka, na kijiko kikaenda mdomoni. Siku nyingine alisukuma sahani akalia. Baba alitamani kufoka, akajizuia.

"Kurudi nyuma si kushindwa," muuguzi alimtia moyo. "Mwambieni mshauri, kisha mwendelee." Wakaendelea hivyo, kliniki baada ya kliniki.

Miezi ikapita. Siku moja shangazi yake Chiriku alikuja kula nao.

"Hee! Umenenepa, umependeza!" akasema kwa furaha.

 Fundi alitaka kujibu, lakini binti akamtangulia.

"Samahani, shangazi. Nilikuwa mgonjwa, na bado natibiwa. Nikisikia habari za unene, ugonjwa unanisumbua. Niulize tu ninaendeleaje."

Shangazi alishika mdomo. "Nisamehe, mwanangu. Unaendeleaje?"

"Kuna siku ngumu. Leo ni nzuri," Chiriku alijibu, akajipakulia chakula.

Fundi alitoka nje kupumua. Muuguzi alikuwa akianika nguo karibu na dirisha.

"Umemsikia?" fundi aliuliza, macho yamejaa machozi.

"Nimemsikia."

"Yule ni binti yangu," alisema, kifua mbele, kana kwamba jirani hakumjua tangu alipozaliwa.