Asilimia Tisini na Moja

Ujumbe ulisema: "Kiyoyozi cha ofisi ya tatu hakipozi. Kitengenezwe kabla ya saa tano."

Maana yake: ingia, chukua orodha ya makontena yenye bunduki, toka ukiwa hai.

Saa nne na nusu asubuhi Sindano alikuwa ndani. Hilo ndilo jina walilompa kazini, kwa wembamba wake na kwa anavyopenya. Ovaroli ya fundi, kisanduku cha bisibisi, bastola ya Glock chini ya bisibisi. Mlinzi alimfungulia, akamhimiza amalize upesi, akabaki nje akichezea simu.

Sindano aliwasha kompyuta ya karani mkuu.

Akaikodolea macho.

Siku tatu nzima alikuwa amejifunza kuiba kwenye Windows, mpaka akaweza kufanya hivyo amefumba macho. Hii haikuwa Windows. Watu wa magendo aliotumwa kuwaibia walikuwa wamehamia Linux, mfumo mwingine, wiki hiyohiyo, kwa kuogopa watu kama yeye. Kitufe cha kuanzia hakipo. Kona aliyoizoea imejaa vipicha asivyovijua. Na kila neno, jamani, la Kiswahili. Lugha kazaliwa nayo, lakini kompyuta inayoizungumza hajawahi kuiona.

"Mtaalamu, wamebadilisha mashine," alinong'ona kwenye kinasa sauti kilichofichwa kwenye kola.

Mtaalamu wa kompyuta alikuwa makao makuu ya upelelezi akimsikiliza. Akamwambia, kupitia kidude cha sikioni, asibabaike, faili ni faili tu, atafute folda ya mizigo.

Akaipata. Ndani faili mbili. Makontena. Msaliti.

Akaifungua ya pili.

Picha ya mdogo wake. Karani wa stoo ya hapohapo, yule aliyeipenyezea serikali habari za bunduki. Chini yake wameandika: Iende kwa Bosi saa tano.

Kwa msaliti wa mwisho wa Bosi, mkuu wa magendo hayo, vilipatikana viatu tu.

Akachomeka flashi, akazichagua faili zote mbili. Vitufe viwili vikajitokeza. Pakia. Pakua.

Akatupia jicho mlangoni. Akabonyeza.

Inapakia kwa Bosi. Asilimia 12.

"Mtaalamu. Nimebonyeza Pakia."

"Pakua, dada, Pakua! Chakula unakipakua ukile wewe. Mzigo ukishaupakia, gari linaondoka nao."

Alijua. Nani asiyejua? Herufi moja tu, na mdogo wake anapelekwa kuuawa kwa mkono wa dada yake mwenyewe.

31.

Akabonyeza alama ya kufunga. Likaja swali: Ghairi kupakia? Chini yake vitufe viwili: Ndiyo. Ghairi.

Lo, aghairi nini sasa? Kupakia, au huko kughairi kwenyewe? Akauliza. Mtaalamu akakiri kuwa hajui, mashine zake zote ni za Kiingereza.

68.

Mlinzi akauliza kutoka nje kama bado. Sindano akamjibu bado kidogo, na sauti yenyewe ilikuwa si yake.

79. Akajilazimisha kulisoma lile swali kana kwamba anaulizwa na mama yake: mwanangu, umeghairi safari? Mtu anajibu nini hapo?

"Ndiyo, mama," alisema, akabonyeza.

Mstari ukasimama kwenye 91. Hakuna kilichofika kwa Bosi.

Akapakua zote mbili. Akaifuta ile ya Msaliti mle kwenye kompyuta, baada ya kulisoma swali la kufuta mara tatu.

"Vijana waingie," alisema.

Alipofika uani, magari ya polisi yalikuwa yameshaziba geti. Karani mkuu na wenzake walilazwa chini kifudifudi, mlinzi pamoja nao, simu yake imemwanguka. Bosi alishatiwa pingu kwenye gari lake.

Mdogo wake alisimama mlangoni mwa stoo, mzima, kalamu sikioni. Alitabasamu, akamtania kwamba siku hizi dada mkubwa anachelewa kama fundi kweli.

"Huko ndani kulikuwa na shida?" aliuliza.

"Hakuna," alisema Sindano.

Akambana bega kwa nguvu, kisha akaenda zake polepole, mikono mfukoni, bila kugeuka, asije akamwona analia.