Raba Kati ya Chuma na Chuma

Bolti za kiungo cha injini na shafti zilikatika walipokuwa wamekwisha kukipita kisiwa cha Bumbire. Injini ikanguruma bure, shafti ya pangaboi imeachana nayo, na mashua ikayageuzia mawimbi ubavu.

Zahoro, nahodha na fundi wake, aling'oa mbao za sakafu. Mtikisiko ulikuwa umelegeza tundu la shafti, na maji yalikuwa yakiingia. Upepo ulikuwa ukiwarudisha kwenye miamba ya kisiwa.

"Chota maji, usipumzike," alimwambia Shamsa, mchuuzi wa samaki wa Bukoba mjini.

"Tengeneza wewe, mimi ndoo ninayo."

Kokwijuka alilala mkekani, amekondeshwa na ugonjwa ambao Kagera waliuita Juliana kabla haujajulikana kama Ukimwi. Walikuwa wakimpeleka kwa mama yake, huko Kemondo. Tangu asubuhi kila mtetemo wa mbao ulimpenya mifupani, na hakuwa amepata usingizi.

Zahoro alibakiwa na bolti nne tu. Tangu vita vya Kagera raba za kiungo ziliadimika, na mafundi wa ziwani walizoea kubana chuma kwa chuma, wakiamini kilichokazwa sana hakivunjiki. Naye alikuwa amefanya hivyo hivyo.

"Safari hii kaza barabara," alisema Mashauri, mvuvi waliyesafiri naye.

"Kukaza ndiko kulikozikata. Injini inarukaruka, shafti hairuki. Pasipo kitu laini katikati, kipigo chote kinaishia kwenye bolti. Lete katambuga zako."

Mashauri akatazama miguu yake. "Nizikwe pekupeku?"

"Ukiendelea kuuliza, ndiyo," Shamsa akasema, akimwaga maji.

Kisu cha samaki kilizikata zile soli za tairi. Zahoro alitia kipande kinene kati ya visahani viwili vya kiungo, na pete ya raba chini ya kila kichwa cha bolti. Alikaza mpaka raba ikaanza kutuna, akaacha. Sasa waliyasikia mawimbi yakipasuka miambani. Akaiunga injini na shafti polepole. Raba ikanywea, ikatanuka, ikanywea tena. Bolti zikashika. Omo ikageuka, ikakabili upepo.

Miamba ilipobaki nyuma, Kokwijuka alisema, amefumba macho, "Waitu, mbona mmezima injini?"

"Haijazimwa, dada," Zahoro akajibu. "Inatupeleka."

Akaielekeza omo Kemondo.

Walipofika Kemondo, Mashauri alishuka pekupeku, akiwa amembeba Kokwijuka. Mama mtu aliingia majini hadi magotini, mdomo wazi, tayari kulia. Shamsa akamwekea mkono begani.

"Taratibu, Ma. Amelala usingizi."