Kazi Isiyo na Jina

Kila asubuhi saa kumi na mbili kengele ililia, tukaamka, tukatandika vitanda, tukafagia uwanja, kisha tukapanga foleni ya uji. Ulikuwa uji wa unga wa njano, kwa sababu mwaka ule wa 1975 njaa ilikuwa bado haijatoka majumbani mwa watu, na hata sisi watoto thelathini tulioitwa "wenye vipaji" hatukupewa unga mweupe. Baada ya uji tuliingia karakana ya chuo kimoja cha ualimu mjini Tabora. Shule zilikuwa zimefungwa, lakini sisi tulikuwa tumechaguliwa kuja kusoma wiki nne nyingine za kuchora, kufinyanga, kuunda vitu kwa mikono na kubuni mambo ambayo hayamo vitabuni.

Wenzangu waliingia karakana ile wakikimbia. Mimi niliingia kama mtu anayekwenda kuchomwa sindano.

Mwalimu wetu aliitwa Apolinaria. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ndogo, na hakuwa mtu wa kutoa sifa ovyo. Ndiyo maana siku aliponisifu, watoto wote waligeuka.

"Huyu ni Mwanne Selemani wa Igalula," alisema, akaweka mezani reli ndogo. "Itazameni vizuri. Hakuna msumari hata mmoja. Ni mabua ya mtama, miiba na uzi wa katani. Ukisogeza reli hapa, mkono wa ishara unapanda pale, kama stesheni yenyewe. Sijapata kuona kazi ya namna hii kwa mtoto."

Niliinamisha kichwa. Walidhani naona haya, na kweli niliona haya, ila si kwa sababu waliyofikiri. Reli ile sikuitengeneza mimi. Aliitengeneza Ng'washi.

Ng'washi alikuwa rafiki yangu, msichana mwenzangu niliyekaa naye dawati moja darasa la sita. Familia yao, wafugaji wa Kisukuma, ilihamia kijiji chetu cha ujamaa wakati watu walipokusanywa vijijini. Baba yangu, Mzee Selemani, alikuwa mfanyakazi wa stesheni ya Igalula, na kazi yake ilikuwa kubadilisha njia za reli treni zinapopishana. Siku moja nilimpeleka Ng'washi akaone. Alitazama kimya, akauliza maswali mawili, akaenda zake malishoni. Baada ya wiki alikuja na reli ya mabua mikononi. Mchango wangu ulikuwa kumshikia uzi alipokuwa anafunga mkono wa ishara.

Sasa, shuleni kwetu mwalimu mkuu, Mwalimu Mahona, alikuwa na sheria yake. Kazi ya mikono haikuandikwa jina la mtu. "Hapa hakuna changu wala chako," alipenda kusema. "Kazi ni ya wote." Kwa hiyo vinyago, vikapu na vyungu vyetu vilikaa kwenye meza ndefu bila jina lolote, na hakuna aliyenung'unika.

Siku afisa elimu alipokuja kutafuta mtoto wa kupeleka Tabora, Ng'washi hakuwapo. Baba yake alikuwa amembakiza nyumbani achunge ng'ombe. Afisa aliiona ile reli, akauliza ni ya nani.

"Ni kazi ya darasa la sita," Mwalimu Mahona akajibu kwa fahari.

"Ndugu Mwalimu, siwezi kupeleka darasa zima. Fomu yangu ina mstari mmoja. Nani aliileta hapa?"

Aliyeileta nilikuwa mimi, kwa sababu Ng'washi aliniomba niibebe. Nikasimama. Afisa akaandika jina langu, akafunga faili lake, akaondoka. Nilijiambia kwamba sikudanganya, kwani sikuulizwa nani ameitengeneza. Ng'washi nilimwambia walitaka mtoto mmoja aliyekuwapo siku ile, na kwamba nikifika Tabora nitamtaja. Aliniamini palepale, bila hata kuuliza mara mbili.

Siku zilipita na sikumtaja. Mwalimu Apolinaria alitupa kazi: kila mtoto abuni chombo kitakachopunguza taabu kijijini kwake. Wenzangu walikata, wakagonga, wakacheka. Mabua yangu yalipasuka. Miiba ilivunjikia vidoleni. Nilijaribu mkokoteni, ukalala upande. Nilijaribu kinu cha kukobolea, kikafumuka nikiwa bado nakishika. Mwisho wa wiki ya kwanza nilikuwa na lundo la takataka na vidole vilivyovimba, na kila alipopita mwalimu nililifunika lundo lile kwa mikono.

"Usiogope, Mwanne," aliniambia. "Hata fundi hukwama. Nakungoja."

Angenigombeza ingekuwa nafuu. Nilikosa hamu ya kula, nikaomba niugue ili nirudishwe nyumbani, lakini mwili wangu ulikuwa mzima kabisa. Ndipo nilipofanya jambo baya kuliko lile la kwanza. Nilimwandikia Ng'washi barua, nikampa gadi wa treni aliyefahamiana na baba. Niliandika: "Nitengenezee kitu cha kusaidia kijiji. Upesi. Usimwambie mtu."

Siku ya nne kifurushi kikaja. Ndani yake kulikuwa na winchi ndogo ya kisima, yenye mpini, kamba, na kibuyu kidogo badala ya ndoo. Ukizungusha mpini, kibuyu kilipanda. Ukiuachia, hakikushuka, kwa sababu kijino kimoja cha mwiba kililizuia gurudumu lisirudi nyuma. Chini ya winchi kulikuwa na barua:

"Mwanne, kina mama hapa wanavuta maji mpaka mikono inachubuka, basi nimefikiria hii. Niliwaacha ng'ombe nusu siku, wakaingia shamba la kijiji, baba akanichapa, lakini si kitu. Umwambie mwalimu ni mimi niliyetengeneza. Labda mwakani na mimi wataniita."

Niliikunja barua ile ndogo sana, nikaificha ndani ya kiatu. Winchi nikaipeleka mezani.

Mwalimu Apolinaria aliuzungusha mpini mara tatu. Akauachia. Kibuyu kikabaki juu. Kwa mara ya kwanza nilimwona akitabasamu mpaka meno.

"Kesho baada ya uji," alisema, "utasimama mbele na kuwafundisha wenzako namna ya kutengeneza kijino hiki. Kuanzia mwanzo, kwa mabua mapya."

Mchana wote ule sikutoka karakana. Wenzangu walipokwenda kucheza, nilikaa sakafuni na winchi mapajani, nikitafuta siri yake. Nilifungua uzi mmoja, nikafungua wa pili. Kijino kikachomoka, kibuyu kikaanguka. Nilikirudisha, kikaanguka tena. Nilirudia mpaka uzi ukakatika, na pale nikalia kwa sauti, peke yangu, kwa sababu nilikuwa nimeharibu hata kile nilichokiiba. Sikuwa na pa kukimbilia. Nikisimama kesho nitaumbuka mbele ya wenzangu wote. Nikisingizia ugonjwa, itakuwa keshokutwa. Niliitoa ile barua kiatuni, nikaisoma tena, nikafika pale aliposema "baba akanichapa, lakini si kitu." Nikainuka nikaenda ofisini kwa mwalimu kabla moyo haujanigeuka.

Nilimwekea winchi mezani, na barua juu yake. "Mwalimu, si zangu," nikasema. "Hii winchi na ile reli. Ni za Ng'washi Masele."

Alisoma barua polepole. Sikuwa nimemwona akiwa na hasira, na sasa nilimwona. Hakupaza sauti.

"Nimekusifu mbele ya watu kwa jasho la mtoto mwingine," alisema. "Umenifanya na mimi nimdhulumu mtu nisiyemjua. Wewe ulikuwa unalala vipi?"

"Silali vizuri, Mwalimu."

"Vema." Akachukua kalamu, akaandika jina la Ng'washi kwenye kipande cha karatasi, akakibandika kwenye winchi iliyovunjika. Kisha akaandika barua ndefu. "Utaondoka kesho. Mpelekee baba yake barua hii kwa mkono wako. Zimebaki wiki mbili. Nafasi hiyo ni ya bintiye, na wewe ndiye utakayemweleza kwa nini."

Baba alinipokea stesheni akidhani naumwa. Nilipomweleza, alikaa kwenye benchi la abiria, akavua kofia yake ya kazi. Hakunichapa. Alisema tu, "Twende," na jioni ile ile tukaenda kwa Mzee Masele.

Tulimkuta zizini. Nilimwamkia, akaitikia. Baba alimsomea barua, kisha akanisukuma mbele kidogo, nami nikasema yote, tangu siku ya afisa hadi winchi. Ng'washi alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maziwa. Kila nilipotaja kosa alinitazama, na sikuthubutu kumtazama yeye.

Mzee Masele alimtazama binti yake. "Kwa hiyo nilimchapa mtoto kwa ajili ya uongo wako," alisema. "Na sasa mnamtaka Tabora wiki mbili. Kaka yake yuko jeshini. Ng'ombe wangu atawachunga nani? Barua?"

"Mimi, baba," nikasema.

"Wewe mtoto wa stesheni? Umewahi kuchunga hata mbuzi?"

"Sijawahi. Lakini nitachunga."

Alimtazama baba yangu. Baba akasema, "Atachunga. Na akipoteza hata ndama, nitalipa mimi."

Ng'washi alitua ndoo chini, akaniuliza swali moja. "Winchi yangu iko wapi?"

"Iko Tabora, mezani kwa mwalimu. Niliivunja. Mwalimu ameiandika jina lako."

Aliingia ndani. Asubuhi yake tulimsindikiza stesheni. Njia nzima hakusema nami neno, na sikumlaumu. Treni ilipopiga honi, akiwa na mguu mmoja ngazini, aligeuka.

"Yule mweusi mwenye pembe iliyopinda," alisema, "usipite nyuma yake. Anapiga teke."

Katika wiki zile mbili nilikimbia zaidi kuliko maisha yangu yote yaliyotangulia. Ng'ombe hawasikii mtu anayewaogopa, nami niliwaogopa wote thelathini na mmoja. Siku ya kwanza walinikimbiza mimi badala ya mimi kuwaswaga. Siku ya tatu yule mweusi alinipiga teke la paja, kwa sababu nilisahau nilichoambiwa. Siku ya tano ndama alipotea vichakani, nikamtafuta huku nalia mpaka koo likakauka, nikampata kwenye bonde jua likiwa linazama. Miguu ilichanika, midomo ikapasuka kwa vumbi. Ndipo nilipoelewa kwamba Ng'washi alikuwa akiunda vitu vyake katika kazi hii hii, jicho moja kwenye bua na jingine kwenye ng'ombe, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia ana kipaji.

Mzee Masele alihesabu ng'ombe kila jioni bila kunisemesha. Jioni ya mwisho alihesabu, akafunga lango la zizi, akaniita nikae kwenye gogo.

"Mwalimu Mahona alipita leo," alisema. "Amesikia mambo yenu, ameandika majina kwenye vitu vyote vya ile meza yake. Anasema kazi ni ya wote, lakini mikono ina wenyewe."

"Ndiyo, baba."

"Mwanangu, nikwambie. Ulipokosa si pale uliposimama mbele ya afisa. Pale uliteleza, na mtu yeyote huweza kuteleza. Ulikosa kila asubuhi uliyoamka ukanyamaza tena, kwa sababu kila siku ulipewa nafasi ya kusema. Uongo haukai ulivyo. Unataka kulishwa, na wewe uliulisha kwa jasho la binti yangu na kwa fimbo yangu." Aligeukia zizi. "Lakini ulirudi mwenyewe, na ng'ombe wangu wametimia. Hilo nalo nitalisema popote utakapotajwa."

Alinyoosha mkono akachukua ile fimbo ya kuchungia kutoka mapajani mwangu.

"Kesho Ng'washi anarudi kwa treni ya mchana," alisema. "Nenda ukampokee. Ng'ombe nitachunga mimi."