Kidoti Anataka Kazi

Ndani ya kompyuta ya Shangazi Siwatu aliishi fundi mdogo. Jina lake Kidoti.

Kidoti alikuwa fundi wa picha. Lakini kazi hakuwa nayo!

"Nimesomea picha," alisema Kidoti. "Naota picha. Na nimekaa tu!"

Jirani yake alikuwa Mzee Kichwa. Mzee Kichwa alifanya kila kitu. Alijumlisha. Aliandika. Alikumbuka tarehe.

"Shikamoo, Mzee Kichwa. Naomba kazi."

"Marahaba. Una barua?"

"Sina."

"Basi subiri. Tutakuita."

Kidoti akasubiri. Akasubiri weee! Hakuitwa.

Jioni moja, nje ya kompyuta, mtoto Mboni alivaa nguo zake za kulalia.

Mama yake alikuwa Songea, kikazi, na Mboni alibaki na Shangazi. Alikuwa ametuma video. Wimbo wa kulala!

"Bila wimbo wa mama, silali," alisema Mboni. "Silali, silali, silali!"

Shangazi Siwatu akabonyeza. Ti!

Ndani ya kompyuta, picha zikamiminika. Video ni picha nyingi, nyingi, zinazokimbizana. Na zote zilikuja zimekunjwa, kama nguo kwenye begi.

Mzee Kichwa akakunjua moja. Akaanza kuipeleka kwenye kioo, doti kwa doti, vinukta vidogo vya rangi.

Doti moja. Akarudi. Doti ya pili. Akarudi. Doti ya tatu. Uuuh, mgongo!

"Mzee, nikusaidie?" aliuliza Kidoti.

"Una barua?"

"Sina."

"Basi subiri. Tutakuita."

Mzee Kichwa akatoka jasho. Akawa wa moto kama chapati.

Feni akaamka. Vuuu! Vuuuuu! "Mzee anaungua! Mzee anaungua!"

Nje, mama akaimba: "Lala, Mbo... Mbo... Mbo..."

Akaganda. Mdomo wazi, kama kiboko anayepiga miayo.

Mboni akacheka. Halafu akaacha kucheka. Halafu akalia.

"Mama hamalizi!"

Shangazi akafoka. "We kompyuta! Miaka minne nimekubeba chuoni, leo ndiyo unanifanyia hivi? Uko siriasi?"

Akafungua orodha ya mafundi wote waliomo ndani ya kompyuta. "Ngoja nimwone anayezembea!"

Kidoti alisikia mtoto analia. Akachoka kusubiri.

Alikuwa na bendera ndogo ya njano. Akaipandisha juu. Akaipunga. "Nipo hapa! Nipo hapa!"

Mboni akafuta machozi. "Shangazi, hiki kinjano kwenye orodha ni nini?"

Shangazi akasogeza macho.

"Hee! Kumbe humu kuna fundi wa picha! Mzima kabisa! Hajapewa barua tu."

"Barua gani?"

"Programu yake. Bila hiyo, hakuna anayemtambua. Amekaa bure, hana kazi, kama mimi!"

"Amesoma?"

"Amesoma, mwanangu! Halafu anaambiwa, tutakuita! Tutakuita lini? Krismasi? Hapana. Leo anaanza kazi. Leo leo!"

Shangazi akaileta ile programu kutoka mtandaoni. Ti!

Ndani, barua ikamdondokea Mzee Kichwa puani. Pwaa!

Iliandikwa: MPE KIDOTI PICHA. ZOTE. SASA HIVI.

"Eh," alisema Mzee Kichwa. "Kumbe una barua."

"Kaa, mzee. Upoe."

Kidoti alikuwa na mikono mingi. Mikono mia! Hakubeba doti moja moja. Alishika picha nzima, kama mkeka, pembe zote nne.

"Kunjua! Nyanyua! Tandika!" Fwap!

"Kunjua! Nyanyua! Tandika!" Fwap! Fwap! Fwap!

"Mzee, sisi tunakaa nyumba moja. Rafu yetu ya picha ni moja. Mbona ulikuwa unazungukazunguka?"

"Nilizoea," alisema Mzee Kichwa, kwa sauti ndogo.

Feni akatulia. Vuu... vu... sss.

Nje, mama akafunga mdomo. Akatabasamu. Akaimba mpaka mwisho:

*Lala, Mboni, lala,*
*mto wako laini.*
*Kesho kutwa narudi*
*na mahindi begani.*

"Amemaliza!" alisema Mboni. "Mama amemaliza!"

Ndani ya kompyuta, Mzee Kichwa akasinzia.

"Kidoti?"

"Naam, mzee."

"Kesho usisubiri kuitwa. Ingia tu."

Mboni akapanda kitandani. Akashuka tena.

"Wewe! Unaenda wapi?" aliuliza Shangazi.

Mboni akachukua kikaratasi cha njano, kile chenye gundi. Akakibandika kwenye paji la uso la Shangazi. Pa!

"Cha nini hiki?"

"Ili na wewe wakuone."

Shangazi Siwatu akacheka. Akacheka mpaka kitanda kikatikisika.

"Lala sasa, bosi wangu."

"Kunjua," alinong'ona Mboni. Shangazi akakunjua shuka.

"Nyanyua." Shangazi akanyanyua miguu midogo miwili.

"Tandika." Shuka ikatua. Fwap.

Mboni akalala fofofo.

Shangazi akazima taa. Kikaratasi hakukibandua.