Vidonge vya Chanoni

Vidonge viwili havikuwepo, na halwa pembeni yake haikuguswa. Bi Kijakazi akainamia chano, lile sinia la mbao. Palipokuwa na vidonge palikuwa na kishungi cha nywele ndefu, nyeusi, zenye joto bado, na nyumbani mle hakuna mwenye nywele ndefu.

Mumewe, Mshamu, mkulima wa mpunga hapo Salale, alikuwa na saratani ya kongosho, na ilikwishafika kwenye ini. Huko Dar madaktari walikuwa wakijaribu kumchanganyia dawa mbili: dripu ya hospitali, na vidonge vya nyumbani, vinne asubuhi, vinne jioni. Kipimo ndicho walichokuwa wakikitafuta. Kikiwa kidogo uvimbe haushtuki, kikizidi mgonjwa anakwisha.

"Vyote avimeze yeye, bibi," alisema Daktari Rukaiya.

Kijakazi aliitikia. Ila Mshamu alikuwa kiti cha jini, mwili wa kupandwa, tangu ujana wake, na siku alipopungwa kwa ngoma ya majini, fundi wake Bi Sihaba aliweka sharti: kila cha kumpa kiti nguvu, Bwana Mkubwa, jini mwenyewe, naye atengewe nusu. Basi viwili kwa mume, viwili chanoni. Miaka yote vyakula vya chanoni vilikauka vikamwagwa mtoni. Hivi vililiwa.

Adhuhuri ile, jua la utosi, mtu alitapika chumbani.

"Mama Nasibu, tumbo limekuchafuka?" Mshamu aliuliza barazani, mdomo umejaa wali.

"Mimi niko huku jikoni, baba."

"Nani basi huyo?"

Chumbani alitapika tena, pole pole, kama mtu anayeona haya kusikiwa, na harufu ikatoka chini ya pazia, nusu ubani, nusu wodi ya hospitali.

Simu ikalia. Daktari Rukaiya.

"Shikamoo, bibi. Damu ya babu safi kabisa, dawa haijamsumbua hata chembe. Jumatatu tunampandishia dozi, vidonge na dripu."

Damu ilikuwa safi kwa kuwa nusu ya vidonge haikumfikia. Vidonge angevigawa. Dripu ina nusu ya kumtengea nani? Ingemwingia yote mshipani, mzee wa watu, wamuue huku wakidhani ana nguvu.

Akakimbilia kwa Bi Sihaba.

"Sharti langu lilikuwa la asali na halwa," Bi Sihaba alinong'ona, akitazama mlango. "Nani kakutuma ugawe sumu?"

"Nikimnyima je?"

"Atakasirika. Usipomnyima utazika. Chagua, mwanangu, na usichagulie humu ndani kwangu."

Kijakazi alipiga simu akiwa amesimama kwenye tope la mikoko, mahali pekee penye mtandao upande ule wa kwa Bi Sihaba.

"Rukaiya, mjukuu wangu, usipandishe. Mzee kala nusu tu."

"Nusu nyingine iko wapi?"

"Kala mwingine."

"Mtoto? Bibi, niambie, ni mtoto?"

"Si mtoto. Huyo hana umri."

Kisha daktari akasema, "Hatupandishi. Anaanza upya na dozi ya mwanzo. Yote, bibi. Uniapie."

Akaapa.

Mshamu aliporudi kutoka Dar kuwekewa dripu, Kijakazi alimhesabia vidonge vinne kiganjani, akamtazama mpaka cha mwisho kikashuka kooni, kisha akakifunika chano kifudifudi, akakaa mkekani kando ya mumewe aliyelala, akisubiri ghadhabu, akisubiri mabati yang'olewe, akisikia kucha zikikwaruza mbao ya chano kwa ndani, zikinyamaza, zikikwaruza tena, na ile harufu ikisogea toka pazia hadi mlangoni, toka mlangoni hadi ukingo wa mkeka, mpaka alipotambua kwamba Mshamu amefumbua macho na macho hayo hayana mboni.

Mdomo wa mumewe ukafunguka. Sauti haikuwa yake, wala haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mgonjwa.

"Kijakazi, mimi naishi ndani ya tumbo hilihili miaka arobaini. Ulipomwambia daktari, ulimuuliza kama na mimi nitapona?"