Mrija wa Mkwe

"Vuta, mkwe. Tutakaa hapa mpaka lini?" alisema Mzee Tharsisi.

Chungu cha pombe ya mtama kilikuwa katikati ya sebule, pale Kumsenga, kikiwa na mirija miwili: mmoja wa baba mwenye binti, mwingine wa anayeposa. Wakishavuta pamoja, posa imekubaliwa.

Fidele aliutazama mrija wake. Miezi mitano hakuwa amegusa pombe. Gongo ilishamfanya auze gitaa, ikamwangusha jukwaani mara mbili, hadi wapenzi wa roki wa Kasulu waliokuwa wakiimba naye wakaanza kumzomea.

"Mzee, mimi situmii."

"Hutumii?" Shangazi Immaculée alidakia. "Mtu anayepiga makelele yale hatumii? Au pombe ya sisi tuliotoka kambi ya wakimbizi inakutia kinyaa?"

Watu wakacheka. Fidele akamtazama Akimana, mchumba wake. Jana yake tu alikuwa amemtumia ujumbe: "Nimeshamwambia baba kila kitu. Njoo bila wasiwasi."

Akimana alikuwa hajamwambia. Mara tatu alifika mlangoni kwa baba yake, na mara tatu akarudi bila kulitamka neno "mlevi". Hata sasa ilitosha afungue mdomo. Akainama, akajifanya anatengeneza pindo la kitenge.

Fidele akavuta. Vigelegele vikapigwa.

Wiki ya tatu baada ya posa, Akimana alipigiwa simu kutoka Kasulu. Ni Kezia, mpiga dramu wa bendi.

"Dada, njoo umchukue mtu wako. Ameanguka na maiki mkononi. Watu wanamrekodi tu."

Akimana alimkuta kwenye chumba cha mazoezi, ameketi juu ya spika, mdomo umevimba.

"Fidele, umekunywa nini?"

"Niulize nimeanza tena lini."

"Mimi..."

"Juzi baba yako kanipigia, ananitania eti gongo ya Kasulu na ya Kibondo ipi kali. Mtu aliyeambiwa hatanii hivyo."

"Niliogopa atakukataa."

"Ulinionea aibu."

Akimana akainamia tena pindo la kitenge.

"Nilisimama mbele ya kanisa zima nikasema mimi ni mlevi, naomba msaada. Wewe umeshindwa kumwambia mtu mmoja."

Simu ya Akimana ikaita. Baba. Akaweka sauti ya nje, Fidele asikie.

"Mwanangu, mchungaji anataka tarehe ya harusi."

"Baba, Fidele anaumwa ulevi. Alikuwa ameacha. Nilikuficha. Mkamnywesha, mimi nikiangalia."

Mzee akakohoa upande wa pili.

"Ewe mwana wanje, mwanangu, ungesema tu. Mimi nilipomposa mama yako, babu yako alikuwa mlokole. Tulijaza chungu uji mwepesi wa ulezi, tukavuta uji mimi na yeye. Nani alikufa?"

Akimana alijifunika mdomo kwa mkono.

Fidele akacheka kidogo, kicheko kikamuuma mdomo. Akainuka kwa kushika ukuta, akaisogelea simu.

"Asante, mzee. Ungenifaa sana kuwa baba mkwe," alisema. "Tarehe usipange."