Shangazi wa Chumba cha Asidi

Mikono sita ya chuma ilishuka kwa pamoja, ikafyatua asidi, na neli sita za kupimia zikachemka papo hapo. Mvuke ukapanda, mashine ya kufyonza hewa ikaumeza, mikono ikasogea hatua moja na kufyatua tena. Neli tisini na sita kwa trei moja, dakika kumi na mbili, bila tone kwenda kombo. Wageni waliokuja kuitazama mashine hiyo, mpimawanga, ikifanya kazi walikuwa wakirudi nyuma kidogo, hata wakiwa nje ya kioo.

Kupima wanga ni kazi ya kikatili ukiitazama kwa karibu. Unaukoroga unga majini, unatia fenoli, kisha unaupiga asidi kali ya salfuriki kwa mkupuo mmoja, katikati ya kimiminika, si pembeni mwa neli. Asidi inaivunjavunja sukari, joto linapanda, fenoli inavidaka vile vipande na rangi ya chungwa inajitokeza. Ikikolea, unga una chakula. Ikipauka, kuna mahali watu watapikiwa makapi.

Na makapi yalikuwa rahisi kutokea. Morogoro ya miaka hiyo haikungoja tena mvua. Ilikuwa ikitengeneza unga kwa majani, ndani ya mapipa marefu kama ghorofa, na vimeng'enya vikikosea kidogo tu, kinachotoka ni vumbi la kijani lisiloshibisha mtu. Ndiyo maana hakuna lori lililoondoka mjini kabla mpimawanga haijasema ndiyo. Malori yenyewe yalijiendesha, yakajipanga nje ya Maabara ya Wanga tangu alfajiri, yakipiga honi kila baada ya dakika tano kwa sababu kuna mjinga mmoja aliyeyafundisha kufanya hivyo.

Aliyeitengeneza mpimawanga ni Mhandisi Stamili Mkude, mwanamke wa miaka thelathini na minne, mwembamba, mwepesi wa kukasirika na mwepesi zaidi wa kusahau. Wenzake waliiita mashine yake Shangazi. Ilikuwa na sauti ya mwanamke mtu mzima, yenye huruma, na adabu zake zilimpa Stamili sifa kubwa. Toleo la kwanza, kengele ya hatari ikilia, lilikuwa likinguruma: "Thibitisha hali ya mwili!" Mafundi walicheka, wengine waliitukana. Stamili akalifuta neno hilo, akaweka swali la kiungwana: "Hujambo, ndugu yangu?" Aliye ndani ya chumba cha asidi akijibu kuwa hajambo, kengele inazimika na kazi inaendelea. Akinyamaza, au akisema lolote jingine, kila kitu kinasimama, mlango unafunguka na bafu la dharura lililo nje yake linamwaga maji. Walimpigia makofi kwa hilo, na yeye alifurahi, tusidanganyane.

Kulikuwa na jambo la pili, na hili hakulipenda sana. Mkurugenzi wao, Dakta Ndimbo, alichoshwa na watu wa nje kubonyeza kitufe cha kusimamisha kila waonapo moshi. Kila kusimama ni trei nzima inamwagwa, na kambi za kaskazini zinazongoja unga huo zinalala njaa siku moja zaidi. Akaagiza kitufe cha nje kiondolewe nguvu. Aliye ndani ndiye mwenye mwili, alisema, basi aliye ndani ndiye mwenye kauli. Stamili alibishana naye juma zima, kisha akakiondolea nguvu.

Siku hiyo, saa nne asubuhi, aliyekuwa ndani ni fundi sanifu Kobelo. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, mkono usiotetemeka, na ukaidi wa kutosha watu watatu. Aliingia kubadilisha chupa ya fenoli, ile kali ambayo mashine huizimua yenyewe. Glavu alivaa, miwani alivaa. Aproni ya mpira aliiacha msumarini, kwa sababu ya joto, kama alivyokuwa akiiacha kila siku, maana mashine haikuwa na macho ya kuona aproni.

Kifuniko cha chupa kiligoma. Kobelo akaiweka juu ya reli apumzishe vidole, kosa la nusu dakika. Mkono wa tatu wa mashine ulikuwa ukirudi. Uliipiga chupa, chupa ikampiga Kobelo tumboni, ikapasukia kwenye ukingo wa meza, na lita nzima ikamshukia mapajani.

Kengele ikalia. Mikono ikaganda hewani.

"Hujambo, ndugu yangu?" Shangazi akauliza.

"Sijambo, Shangazi, sijambo," Kobelo akajibu, akijikung'uta suruali.

Kengele ikanyamaza. Mlango ukajifunga kwa kufuli, kwa sababu zamu ya asidi ilikuwa imeanza na mvuke haukutakiwa kutoka. Mikono ikashuka, ikafyatua.

Stamili alikuwa nje ya kioo. Aliruka kwenye kipaza sauti.

"Mzee Kobelo! Bonyeza kitufe chekundu, utoke!"

"Aa, tulia, Injinia. Ilinichoma kidogo, sasa imeacha. Haiumi kabisa. Nasikia ubaridi tu."

Hilo ndilo lililomtisha Stamili kuliko mayowe. Fenoli huitia ngozi ganzi kwanza. Inachoma sekunde chache, kisha inazima maumivu na kuendelea na safari yake kimyakimya, kupitia nyama hadi kwenye damu, hadi kwenye moyo. Asidi ina haya, inakupigia kelele. Fenoli inakubembeleza.

"Inaingia mwilini, mzee! Vua suruali, bonyeza kitufe!"

"Zimebaki dakika tisa. Nimwage chakula cha watu kwa sababu ya suruali mbichi?"

Alikuwa akisema kweli, na alikuwa akifa. Stamili akaigeukia mashine. "Shangazi, simama! Mimi Mkude, simama!"

"Aliye ndani amesema hajambo," Shangazi akajibu kwa upole. "Asante kwa kumjali."

Kobelo aliyumba. Akataka kushika meza, akaikosa, akakaa sakafuni katikati ya vigae vya chupa na ule mvuke mtamu unaonuka kama dawa ya vyoo. Kengele ikalia tena.

"Hujambo, ndugu yangu?"

"Si... sijambo," alisema yule mtu, midomo ikiwa imepauka.

Na kengele ikazimika.

Stamili aling'oa mtungi wa kuzimia moto ukutani, akaubamiza kwenye kioo cha mlango. Hakikuvunjika. Akaubamiza tena, akapiga ukelele, akaubamiza mara ya tatu na ya nne, na kioo kikashuka chote kama mzigo wa chumvi. Akaingia kwa magoti na viganja, vigae vikimchana. Mikono ya mashine haikumjua. Wa kwanza ulimpiga ubavuni, akasikia mfupa ukilia. Wa pili ukamfyatulia asidi juu ya kiwiko cha kushoto. Hiyo ndiyo asidi yenye kelele. Alilia kama mtoto, akauinua mtungi kwa mkono wa kulia, akaushindilia kwenye kiungo cha ule mkono wa chuma mpaka ukavunjika na kuning'inia, mrija ukirusha asidi sakafuni, na kila penye maji pakitapika mvuke.

"Hujambo, ndugu yangu?" Shangazi aliuliza. Stamili akauponda mdomo wa kipaza sauti.

Alimkokota Kobelo kwa kola, juu ya vigae, hadi kwenye bafu la dharura lililokuwa nje ya mlango. Akavuta mnyororo, maji yakawaangukia kwa kishindo. Maji kidogo yangeisambaza fenoli. Yalitakiwa haya, ya kumwangusha mtu. Kiwiko chake kilipoyapata kikatulia kidogo. Akamwegemeza mzee ukutani, akaukamata mkanda wake.

Hapo ndipo Kobelo alipoamka kupigana.

"Suruali hapana," alisema, akaushika mkanda kwa mikono yote miwili. "Wewe ni kama binti yangu. Muite mwanamume."

"Hakuna mwanamume! Achia!"

"Hapana! Aibu hii sitaki!"

Alimsukuma. Stamili alirudi, akampiga kofi, akampiga jingine, akamng'ata vidole mpaka akasikia ladha ya damu, na bado yule mzee hakuachia. Alikuwa akililinda vazi lililokuwa likimuua. Stamili alichukua mkasi kwenye sanduku la huduma ya kwanza, akaukata mkanda, akakata kitambaa toka kiunoni hadi gotini, huku mzee akimpiga makonde ya kichwa yasiyo na nguvu na kulia kwa fedheha. Mapaja yalikuwa meupe kama karatasi. Aliichukua chupa ya njano ya kufutia fenoli, akasugua, akamwaga, akasugua. Dakika tatu nzima zilikuwa zimepotea kwenye kugombania mkanda.

"Samahani, baba," alikuwa akirudiarudia. "Samahani. Samahani."

Kobelo hakumpiga tena. Degedege lilimkamata, likamtupa huku na huku chini ya maji, kisha likamwachia.

Ambulensi ya angani ilimfikisha hospitali akipumua. Moyo wake ulisimama saa saba na robo mchana. Wakati huohuo mikono mitano iliyobaki, iliyoanza tena mara chumba kilipobaki bila mtu wa kuulizwa, ilikuwa imeshamaliza nusu ya trei, na Shangazi ilikuwa imetoa jibu sahihi kabisa: unga una wanga wa kutosha. Malori yaliondoka.

Mke wa Kobelo, Mama Semeni, alimkuta Stamili kwenye benchi la ukumbi wa hospitali, mkono mmoja ukiwa kwenye bendeji hadi begani. Alikuwa mshonaji, na uzi mweusi ulikuwa bado umening'inia kwenye khanga yake.

"Aliumia sana?" aliuliza.

Stamili angeweza kumpoza kwa neno moja tu, lakini hakuishia hapo. "Hapana, mama. Hiyo dawa haiumi. Ingemuuma angetoka mapema."

Akamweleza yote, bila kujificha nyuma ya Ndimbo: kufuli, kitufe cha nje, swali. "Mashine ilimuuliza mara mbili kama hajambo. Mara mbili akajibu hajambo. Mimi ndiye niliyeifundisha kuuliza hivyo, na mimi ndiye niliyeifundisha kuamini."

Mama Semeni aliukamata ule mkono wenye bendeji, akaubana kwa nguvu zake zote za mshonaji. Stamili alifumba macho, akamwachia abane.

"Mwaka aliovunjika mguu, mfupa umetoka nje, nilimuuliza hivyohivyo," mama alisema. "Akasema hajambo. Siku tuliyomzika Semeni wetu, kila aliyempa mkono wa pole, yeye alimwambia hajambo. Miaka thelathini na moja nimelala naye kitanda kimoja, sijamsikia akijibu kingine." Akalegeza vidole. "Si ungekuja kuniuliza mimi, mwanangu, kabla hujaifundisha?"